Jibu la Somoe Kuhusu Mkoko

Walimu vijana wa kikundi chetu cha sayansi mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie niliyoyaona kazini. Mlisema mnataka uzoefu. Nadhani mlitaka niwaeleze jinsi ya kutengeneza mizani kwa hanga na vifuniko vya kopo, na hilo nitalieleza. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa kuwa vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua. Lakini mmoja wenu, ambaye sasa anasoma shahada ya uzamili katika elimu ya sayansi kama nilivyosoma mimi, alinivuta kando akaniomba tasnifu yangu aone imeandikwaje. Nilimwambia imeliwa na mchwa. Haijaliwa. Iko juu ya kabati ndani ya bahasha ya kaki, na mchwa wa hapa Amu, mji wa Lamu, wamekula vitu vyangu vyote vya maana isipokuwa hiyo.

Nilimdanganya kwa sababu naona haya. Basi nitaandika mambo ya kazi kama mlivyotaka, na nikifika kwenye tasnifu nitaeleza aibu yenyewe. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji sitakitaja ila kusema kwamba kiko upande wa Mkokoni. Safari hii nimeyaficha kweli. Mtaona mbele kwa nini nasema safari hii.

Siku yangu ya kwanza darasani, hapa hapa kisiwani, nilifundisha jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, sauti ndogo, buibui jipya. Nikajaza ubao kuanzia kona hadi kona, watoto wakanakili mpaka kengele ikalia, na nikatoka nimejaa chaki na fahari. Nje ya mlango alikuwa amesimama Mwalimu Mutua, mkuu wa idara ya sayansi, mtu wa Ukambani mwenye sauti ya kuita mbuzi mlimani. Alikuwa Mkristo, na mwezi wa Ramadhani alikuwa akijificha nyuma ya stoo na kikombe chake cha chai ili asitutie majaribuni. Alinitazama akasema, "Bi Zuhura, umewaambia vizuri sana. Sasa utawaonyesha lini?"

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa na bati kuukuu la biskuti, na ndani yake mlikuwa na maabara nzima: balbu za tochi, nyaya, mshumaa, kioo cha taa ya chemni, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Sumaku ile alikuwa akiilaza na msumari juu yake, maana alisema sumaku isiyo na cha kushika huchoka. Alinionyesha kuchemsha maua mekundu ya uani nikapata maji ya rangi. Ukitia ndimu yanakuwa mekundu zaidi, ukitia maji ya jivu yanageuka kijani. Mizani ni hanga la nguo, uzi, na vifuniko viwili vya kopo la jemu. Mawe ya mizani ni betri za redio, zile ndogo na zile kubwa. Ukilitundika hanga kwenye msumari wenye kutu halitacheza sawa, kwa hivyo upake mafuta ya nazi kwanza. Haya yote nimeyafanya miaka na miaka, na kama mtayafanya nanyi hamtanikumbuka kwa ubaya.

Mutua alihamishwa akapelekwa kuwa mwalimu mkuu huko kijijini upande wa Mkokoni, nami nikabaki mjini. Miaka kadhaa baadaye ndipo nikaanza masomo ya uzamili. Yalikuwa masomo ya likizo: Aprili, Agosti na Desemba navuka kwa boti hadi Mokowe kwenda chuo kikuu bara, wenzangu wakipumzika. Hatukusoma fizikia wala kemia. Tulisoma sayansi inavyokaa katika jamii: nani anaiamini, nani anaikataa, inaingiaje kichwani mwa mtoto ambaye nyumbani kwao wanaeleza mambo vingine. Msimamizi wangu alikuwa profesa mmoja mama kutoka sehemu za baridi, mkali, mwenye haki. Neno lake la kila siku lilikuwa kwamba mtoto si mtungi mtupu, huja darasani tayari amejazwa kitu. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Nikaamua utafiti wangu utakuwa kuchunguza hicho kitu kilichomo mtunguni, na moyoni nilikuwa nimeshahukumu kwamba ni takataka.

Nikatunga maswali kumi na manne. Nilikaa kwetu, mtaa wa Mkomani hapa mjini, kitabu cha kiada mkono huu na kalamu mkono ule. Swali la nane lilikuwa hivi: je, mbegu inaweza kuota ikiwa bado iko juu ya mti wake? Eleza. Kwenye mwongozo wa kusahihisha nikaandika: hapana, mbegu huhitaji kuanguka, ipate unyevu, hewa na joto. Juu ya kichwa changu wakati naandika maneno hayo palikuwa na boriti za mkoko. Nimelala chini ya boriti hizo tangu kuzaliwa, na mama yangu vile vile, na mamake. Lakini sikuwa nimewahi kutia mguu kwenye tope la mikoko. Watu wa nyumba za mawe hatukwenda huko. Boriti zilikuja mjini zimekatwa, zimemenywa, zimepangwa kwa ukubwa, na waliozileta walishukia nje ya mlango wakapewa maji ya kunywa.

Nilichagua kufanyia utafiti shule ya Mutua kwa kuwa nilijua atanipokea. Akanipokea kwa kelele, akawakusanya wazazi chini ya bati la ofisi, nami nikawaahidi kwa mdomo wangu: watoto watajibu maswali, majina yao yatafichwa, kila mmoja atakuwa nambari tu, na majibu hayatamwathiri mtoto yeyote. Wazazi wakatia sahihi, wengine kidole gumba. Katika waliotia kidole alikuwa Mzee Shee, mkata mikoko, mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu kama ubao. Binti yake Somoe alikuwa darasa la nane. Mutua aliniambia mapema, "Huyu msichana ana kichwa. Ana maswali mengi hata yananichosha."

Nikasahihisha karatasi jioni ile ile kwenye meza ya Mutua. Jibu la Somoe kwa swali la nane nalikumbuka neno kwa neno, maana nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote. "Ndiyo. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Mtoto hutoka kwenye tunda akarefuka, mama yake akimbeba. Akikomaa humwachia, akachoma tope akasimama. Baba amenionyesha."

Nilicheka. Nikalitia alama nyekundu, nikafurahi, kwa sababu jibu kama hilo ndilo mtafiti hulitafuta. Kwenye daftari langu nikaandika: dhana potofu, kuupa mmea sifa za binadamu, chanzo, mzazi. Majibu yake mengine yalikuwa hivyo hivyo, kwenye kila swali alitia jambo la pwani alilolijua mwenyewe, na kila lisilokuwa kwenye mwongozo nililikata. Hesabu ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa na dhana potofu nyingi kuliko darasa zima.

Asubuhi yake Mutua aliniomba tuitazame pamoja orodha ya matokeo. Nilipaswa kukataa. Lakini alikuwa mwalimu wangu, nimelala kwake, mkewe amenipikia, nikaona uchoyo kumnyima. Nikampa orodha yenye majina. Sikuwaza jambo lolote baya. Ahadi niliyowapa wazazi ilidumu siku mbili.

Profesa alipoisoma sura niliyoandika kutokana na majibu yale, aliinua miwani akaniuliza, "Zuhura, hili la mkoko, wewe ni mtu wa Lamu. Ni kweli halitokei?" Alikuwa anauliza kwa nia njema. Kwao hakuna mkoko hata mmoja. Ningeweza kusema, sijui, nikirudi nitauliza. Lakini wenzangu walikuwa wamekaa pale, na mimi ndiye mtu wa pwani, ningesemaje kwamba sijawahi kuuona mkoko ukiwa mzima? Nikasema, "Hizo ni imani za watu wa mikokoni tu, Profesa." Akaandika alama ya sawa pembeni. Naomba mlielewe kosa hili vizuri, kwa sababu mtu wa Machakos au Nyeri asingelifanya. Yeye angeuliza. Mimi niliaminiwa kwa kuwa ni mzawa, na nikaona haya kusema kuwa mzawa hajui.

Likizo iliyofuata nilirudi kijijini kuwahoji wazazi, maana utafiti wetu ulitaka sauti ya jamii. Mzee Shee alinikaribisha barazani kwake, akaniwekea mkeka mpya, Somoe akaleta kahawa. Nikawasha kinasa sauti. Kabla sijauliza langu, yeye akauliza lake.

"Mwalimu, mwanangu alikosa wapi? Mwalimu Mkuu anambiya amekuwa wa mwisho kwako, na karatasi yako itatizamwa."

Nikamuuliza itatazamwa na nani. Ndipo nikajua. Palikuwa na watu wa ufadhili waliotaka kumchukua msichana mmoja wa shule ile, mmoja tu, mwenye akili ya sayansi, wamsomeshe sekondari ya bweni mpaka mwisho. Mutua alikuwa na wasichana wawili mkononi, Somoe na mwenziwe. Mtihani wa taifa walikuwa karibu sawa. Fomu ilitaka maoni ya ziada juu ya sayansi, na Mutua alikuwa na orodha yangu. Mzee Shee hakuwa na uwezo wa bweni. Asipochaguliwa na watu wale, Somoe angebaki nyumbani, na hilo kila mtu barazani pale alilijua, hata kahawa ilikuwa imemshinda mzee kunywa.

Nikafungua daftari nikamsomea swali la nane na jibu la binti yake. Sijui kwa nini nilichagua hilo. Nadhani nilidhani ataona mwenyewe kichekesho. Nikamsomea mpaka mwisho: chanzo, mzazi.

Aliinuka akasema, "Yeo mai yametoka. Ndoo."

Maji yalikuwa yamekupwa, na alikuwa akiniita nije nione. Tulikwenda watatu kwa mtumbwi mdogo, yeye akisukuma kwa upondo, Somoe mbele, mimi katikati nimekunja buibui magotini. Tuliposhuka nilizama tope mpaka muundini, kiatu kimoja kikabaki huko, kipo mpaka leo. Mzee Shee alishika tawi akaliinamisha mbele ya uso wangu. Palikuwa na tunda la kahawia, dogo. Chini ya tunda limechomoza jiti la kijani, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, gumu, ncha yake imeelekea chini. Akalizungusha taratibu, likachomoka kwenye tunda, na pale lilipochomoka palikuwa na vijani viwili vimefungana, vichanga. Akalichoma kwenye tope pembeni ya mguu wangu. Likasimama. Kote nilikotazama mijiti kama hiyo ilikuwa inaning'inia juu, mamia, na mingine imesimama topeni chini ya mama zake ikiwa na majani mawili, majani manne.

"Huyo aloandika kitabu chako," akasema, "amepata kuingia mikokoni?"

Walimu wangu, niliona. Sina udhuru wa kusema sikuona. Mbegu imeota juu ya mti, mbele ya mato yangu, macho haya haya, kama alivyoandika Somoe. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa amenieleza jambo la kweli la elimu ya mimea kwa sentensi chache, vizuri kuliko kitabu, na mimi nilikuwa nimelipiga alama nyekundu na kumtaja babake kuwa ndiye mwenye kosa.

Nikasema, "Ahsante, Mzee, nimeona. Lakini shuleni tunafuata kitabu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Yeye akainamisha kichwa. "Haya basi," akasema, "kama kitabu ndicho hakimu." Somoe alikuwa amesimama nyuma ya babake, ameshika upondo, ananitazama.

Siku iliyofuata nilipita ofisini kwa Mutua kuaga. Fomu ilikuwa juu ya meza, haijafungwa. Aliigeuza kuelekea kwangu. "Madam, hii naituma Ijumaa na boti ya mjini. Orodha yako nimeinukuu hapa, kwa sababu ni utafiti, si maneno ya mtaani. Lakini huyu msichana wa Shee ananisumbua moyo. Una lolote la kuongeza?"

Aliniuliza waziwazi hivyo, mtu aliyenifundisha kazi. Ilikuwa inatosha kusema, jibu lake la nane ni sahihi, mimi ndiye niliyekosea, na huenda na mengine vile vile. Nikafikiria utetezi wangu ulioko miezi michache mbele. Nikafikiria kwamba jibu moja likigeuka, mwongozo wote unashukiwa, na jedwali, na sura nzima ya nne, na itabidi nirudie mwaka. Nikafikiria Profesa ataniuliza, si ulisema wewe ni mtu wa Lamu? Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo kuliko yote. Nikamwambia Mutua, "Hapana, sina la kuongeza."

Msichana yule mwingine akachukuliwa. Alisoma vyema, leo ni muuguzi, na sina neno naye, alistahili kusoma kama wote walivyostahili. Somoe akabaki. Mutua alistaafu akarudi kwao Kitui, na mpaka alipofariki sikumwambia.

Utetezi ulikwenda vizuri. Mtahini mmoja kutoka chuo kingine alilisoma jibu la Somoe kwa sauti, wakacheka kistaarabu, akasema huo ndio mfano mzuri kuliko yote katika tasnifu. Mimi nilicheka pia. Nikapata shahada, nikaletwa kwenye ofisi ya washauri wa walimu, nikawa ninazunguka visiwani na bara kuendesha semina. Na sasa nasema lile ambalo limenichoma kuliko shahada. Mara tatu nilisimama mbele ya walimu nikautumia mfano ule kuwachekesha. Mara tatu, nikijua. Semina inapopoa baada ya chakula cha mchana, mtu hutafuta kichekesho, na mimi nilikuwa nacho. Mara ya tatu kijana mmoja wa Faza aliinua mkono akasema, "Lakini Madam, mkoko ndivyo unavyofanya." Nikasema, "Tutalirudia hilo, tuendelee." Hatukulirudia, na sikuusimulia tena.

Mficha uchi hazai, na mimi nilificha changu miaka yote ya kazi. Nilikuwa mkali kwa walimu wanaopiga alama nyekundu bila kusoma jibu, ninyi wenyewe mmepata kuuonja ukali huo, mkaniita nyuma ya mgongo Madam Soma-Tena. Jina hilo nalijua. Mlidhani ni busara. Ilikuwa toba ya kulipia kwa mifuko ya wengine.

Kisha ukaja mtaala mpya. Sasa mnatakiwa muwaite wazazi darasani waonyeshe wanayoyajua, na katika ziara yangu moja ya mwisho, shule iliyoko njia ya Kililana, nilikuta mwalimu kijana mgeni wa bara ameleta tawi la mkoko, ameliweka kwenye ndoo, anawaonyesha watoto mbegu iliyoota juu ya mti. Alikuwa amemuuliza mvuvi mmoja akamletea. Aliuliza tu, hakuona haya. Nilikaa nyuma ya darasa lile nikiwa na fomu ya ukaguzi mkononi, na nilitoka bila kuijaza. Nilimwambia kichwa kinaniuma.

Nilipostaafu, kabla sijaanza kuandika haya, nilikwenda kwa Somoe. Nilipanda boti ya asubuhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha kama mwalimu wa mafunzo anayekwenda kupimwa. Nikamkuta ana duka lake dogo la unga na sukari, amenenepa kidogo, ana miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Alinitambua kabla sijavuka kizingiti.

"Mwalimu Zuhura. Karibu. Mbona umezeeka hivyo?"

"Sote, mwanangu."

"Mimi bado," akasema, akacheka, akanisogezea kiti cha plastiki.

Nikauliza habari za babake. Akasema alifariki mwaka juzi, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nikamuombea rehema. Kisha nikasema yote, na sikuyasema kwa utaratibu niliokuwa nimeupanga. Nilimwambia kuhusu orodha, ahadi, siku ile mikokoni, fomu ya Mutua. Nilimwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na mimi nilijua, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikompokonya shule. Mwanamke mmoja akaja kununua sukari, Somoe akampimia, akamrudishia chenji, akamuuliza hali ya mtoto. Alipoondoka akanigeukia.

"Nilikuwa nikijua."

"Kwamba jibu lako ni sahihi?"

"Hilo nalijua tangu nikiwa hivi." Akaonyesha kimo cha meza. "Nasema nilijua kuwa umejua. Siku ile baba alikuwa akitizama tunda. Mimi nilikuwa nakutizama wewe mato. Nikaona imekuingia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mwalimu ameona, kesho atasema. Nikangoja ile kesho. Fomu ikaenda, nikasema labda atakuya mwenyewe. Nikangoja mwaka ule wote, Mwalimu, sikufichi."

Nikamuuliza, kwa sauti niliyokuwa naisikia kama ya mtu mwingine, kama alimwambia babake kwamba nilijua.

"Ningemwambia vipi? Nina wadogo watatu, wote walikuwa shule. Baba unamkumbuka. Angejua mwalimu ameona haki akaifunika, angewatoa wote siku hiyo hiyo, angesema shule ni nyumba ya waongo. Nikamwambia, baba, mwalimu hakuona vyema, tope lilimtisha. Akasema basi. Kumbe basi yake ni nyengine." Alikuwa anafunga mfuko wa sukari ambao ulikuwa umeshafungwa. "Akasema, ni mimi, Somoe. Ni mimi nalokutia maneno ya mikokoni kitwani ukayapeleka shule yakakuangusha. Na tangu siku hiyo hakutufundisha tena kitu. Wadogo zangu wakimuuliza, baba, mti huu wafanyani, asema kamuulize mwalimu. Wamesoma wote, Mungu awaweke, mmoja ni mwalimu kama wewe. Hapana hata mmoja alopata kuingia mikokoni na baba."

"Mpaka alipofariki?"

"Mpaka alipofariki. Alikuwa akenda, akirudi, kimya."

Nililia hapo dukani, mtu mzima, mbele ya magunia ya unga. Nikamuomba radhi. Nikasema ninyi walimu vijana mmeniomba niwaandikie, na kwamba nitakwenda kwa wakubwa wa elimu, nitaandika kwa chuo kikuu wairekebishe tasnifu, nitaandika jina lake na la babake pale nilipoandika dhana potofu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanipa ncha ya leso yake nijifute.

"Andika," akasema. "Andika wasome hao walimu vijana. Na mimi, haki yangu nimekusamehe zamani, Mwalimu, la sivyo kiti hicho nisingekupa. Lakini ya baba si yangu, siwezi kukusamehea. Hayo mtakutana wewe na yeye."